Aya Niliyoiruka

Bwana Hardeep ndiye aliyenipigia simu, kwa sauti yake ile ya kukwaruza ambayo uzee umeiongezea mikwaruzo, kuniambia kwamba Mama Wambui ametuacha, na kwamba atazikwa Alhamisi saa tano kwenye makaburi ya mji wa Kitale. Nilimwuliza mara mbili kama alisema makaburi ya mji. Akasema ndiyo, ya mji, kwani pengine ni wapi? Kwetu mtu huzikwa shambani mwake, nyuma ya nyumba, mahali ambapo watoto wake wakienda kukama ng'ombe asubuhi wanapita karibu naye. Makaburi ya mji ni ya wapita njia, na ya wale ambao hakuna aliyekuja kuwachukua hospitalini, na ya watu kama Mama Wambui, aliyelima Endebess miaka thelathini na zaidi na akafa hana hata upana wa mkeka ulioandikwa jina lake. Nilienda. Nilisimama nyuma ya kina mama wa kanisa lake, nikaimba walipoimba, nikatupa udongo zamu yangu ilipofika. Binti yake Wambui, ambaye sasa naye ana mvi, alinishukuru kwa kutoka mbali. Nilitamani kumwambia asinishukuru kabisa, lakini pale kaburini si mahali pa kumtwisha mfiwa mzigo wako. Nikamshika mkono tu, kisha nikaondoka.

Mwaka unaonisumbua ni ule ulioanza katikati ya elfu mbili na moja. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Bungoma na cheti cha uhazili na kiburi kisichokuwa na mahali pa kukaa, nikapata kazi Kitale kwenye ofisi ya wakala wa hisa. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Hardeep. Mwenye ofisi, Bwana Simiyu, alikuwa na dawati, simu na suti mbili. Mimi nilikuwa na taipureta na ubao mweusi. Kila Jumatatu asubuhi dalali wa Nairobi alisoma bei kwenye simu, mimi nikaziandika kwa chaki kwenye ubao uliosimama chini ya ngazi, na watu waliokuja kununua misumari na mabati walisimama mbele yake wakitikisa vichwa. Nilipenda sana kusimama pale na chaki mkononi. Watu waliniita daktari wa hisa, na mimi, badala ya kuwakataza, niliitika.

Nyuma ya duka kulikuwa na stoo ndefu yenye harufu ya rangi na kamba za katani, na hapo ndipo kikundi cha Jumamosi kilipokutana. Walikuwa watu kumi na mmoja, wengi wao wakulima ambao wazazi wao walitoka Nyeri na Murang'a wakaja kununua au kukodi mashamba Trans-Nzoia, pamoja na Bwana Hardeep mwenyewe, aliyekuwa mwenyekiti kwa sababu viti vilikuwa vyake. Mwaka mmoja kabla sijafika, wakati kila mtu alipokuwa akisema kwamba kompyuta na simu ndizo zitakazotulisha, walikuwa wamenunua hisa za kampuni moja ya Nairobi iliyouza kompyuta na vifaa vya mtandao. Jina lake halina maana tena. Wao waliiita Kompyuta tu, kama vile mtu angesema Ng'ombe. Halafu huko ng'ambo kampuni za namna hiyo zikaanza kuporomoka moja baada ya nyingine, na bei ya Kompyuta nayo ikaanza kuteremka kwenye ubao wangu, wiki hadi wiki, taratibu, mpaka ikabaki kama nusu ya ile waliyonunulia. Kwa hiyo nilipofika mimi, mazungumzo ya Jumamosi yalikuwa jambo moja tu: tuuze, au tungoje?

Mke wa Bwana Hardeep alituletea chai ya tangawizi na iliki, na bhajia za viazi zilizofungwa ndani ya gazeti. Mama Wambui alitoka Endebess na githeri, mahindi na maharagwe, ndani ya sufuria iliyofungwa kwa leso, bado ya moto, na hakuruhusu mtu yeyote aongee habari za faida kabla hajala. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na kitu, mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, mjane, na mtu wa mzaha mkavu. Hisa aliziita mahindi ya Nairobi. Alinikuta siku yangu ya kwanza nimesimama mlangoni na faili zangu, akanisukumia sahani, akasema niketi nile, kwa sababu daktari mwenye njaa hukosea dawa. Kuanzia siku hiyo alikaa mbele yangu kila Jumamosi, magoti yake yakigusana na yangu, na kazi yangu ikawa kuwasomea magazeti. Habari za soko ziliandikwa kwa Kiingereza, nami nilizigeuza Kiswahili papo hapo. Wengi wao Kiingereza chao kilikuwa haba, na Bwana Hardeep alikiri kwamba chake kilikuwa cha ankara za saruji, akifika kwenye maneno ya wakurugenzi anapotea.

Mtu asiyejua mahindi hawezi kuelewa kwa nini watu wale, ambao hakuna kati yao aliyekuwa mjinga, walikataa kuuza. Trans-Nzoia mahindi yanavunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba, na wakati huo bei iko chini kabisa kwa sababu kila mtu ana gunia mlangoni. Mwenye shida ndiye anayeuza Desemba. Anayejua kazi yake anakausha, anatia dawa ya fukusi, anafunga ghala, anajikaza, na ikifika Mei au Juni, njaa ikianza kubisha hodi huko Nairobi, anafungua mlango na kutaja bei anayotaka. Watu wale walikuwa wameishi hivyo maisha yao yote, na wazazi wao kabla yao, na hekima hiyo haikuwahi kuwaangusha. Basi walipoona bei ya hisa imeshuka, hawakuona hatari. Waliona Desemba. Tena hisa, alisema Mama Wambui, ni mahindi mazuri kuliko mahindi, kwa sababu hayaliwi na fukusi, hayanyeshewi, na panya hawezi kitu. Unafungia cheti chako sandukuni na kulala. Wote walicheka na kukubali. Nami nilicheka pia, ingawa nilikuwa nimesoma vya kutosha kujua kwamba mahindi yakishuka bei bado yanalika, na kwamba hakuna msimu unaolazimisha watu wanunue kompyuta.

Kwa wengine hisa zile zilikuwa akiba ya ziada. Kwa Mama Wambui zilikuwa shamba. Alikuwa amekodi ekari tatu Endebess tangu mumewe akiwa hai, na mwenye shamba, mzee mmoja aliyehamia Eldoret, alikuwa ameamua kuuza. Kwa heshima ya miaka mingi alimpa Mama Wambui nafasi ya kwanza: alete pesa yote kabla ya Pasaka, la sivyo kuna mtu mwingine anayeingoja ardhi hiyo na pesa yake mfukoni. Mama Wambui alinipigia hesabu hiyo mara nyingi kwa vidole, pale stoo, wengine wakiwa wamesharudi sokoni. Akiuza hisa kwa bei ya Januari na kuongeza mavuno yake, anafika, kwa shida, lakini anafika. Zikipanda kidogo kabla ya Pasaka, anafika na kubaki na ya kuandikisha hati na kuweka mabati mapya. Zikishuka tena, hafiki. Siku moja alikunja vidole katikati ya hesabu, akaniambia neno ambalo sikulitia maanani kwa sababu nilikuwa kijana na kifo kilikuwa kitu cha watu wengine. "Nataka mahali watanilaza bila kuomba mtu ruhusa," alisema. Kisha akaniuliza mimi nilionaje, zitapanda? Nikasema zitapanda. Nilikuwa nimelisoma hilo mahali fulani, na lilimfurahisha, na mimi nilipenda kumfurahisha.

Taarifa ya mwaka ya kampuni ilifika ofisini Ijumaa moja ya Januari, kijitabu chenye karatasi ya kung'aa na picha ya kijana anayetabasamu mbele ya mashine. Niliisoma peke yangu wakati wa chakula cha mchana. Kurasa za mbele zilikuwa tamu: mauzo yamepanda, faida ipo ingawa imepungua, wateja wapya, matawi mapya. Lakini mwisho wa barua ya mwenyekiti, chini kabisa, palikuwa na aya moja fupi ya sentensi tatu. Ya kwanza ilisema wakurugenzi wanatarajia mauzo yatashuka mwaka mzima ujao. Ya pili ilisema hakutakuwa na mgao wa faida kwa wenye hisa. Ya tatu ilisema kampuni imeanza mazungumzo na benki zake kuhusu madeni. Niliirudia mara nne. Kisha nikaipeleka kwa Bwana Simiyu, nikamwekea kidole hapo. Aliisoma, akavuta pumzi, akaniambia kwamba wale wazee wakitishwa watauza wote kwa siku moja na hawatarudi tena katika ofisi hii hadi kiyama, na kwamba kazi yangu ni kuwasomea yanayojenga. Hakuniambia nidanganye. Nimemlaumu miaka mingi, lakini neno hilo hakulitamka, na hakuna aliyenisukuma kuingia mlango wa stoo.

Kesho yake, Jumamosi, walikuja wote kumi na mmoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Mama Wambui alikuwa ameongeza nyama kwenye githeri. Tulikula, halafu Bwana Hardeep akafuta mikono, akasema haya, daktari, tuambie. Nilisoma. Nilitafsiri vizuri, najua hivyo, kwa sababu sauti yangu ilikuwa tulivu na walikuwa wakiitikia kila nilipotua. Nilisoma mauzo, nikasoma faida kwa kila hisa ya mwaka ule na ya mwaka uliotangulia, nikaeleza tofauti. Mzee mmoja aliuliza ikiwa faida imepungua kwa sababu mali haiuziki au kwa sababu walijenga matawi. Nikasema matawi, na hilo liliandikwa, sikulitunga. Bwana Hardeep, ambaye alikuwa mfanyabiashara na alijua mahali pa kubonyeza, aliuliza swali ambalo hadi leo nalisikia kwa sauti yake ile.

"Sawa, hayo ni ya jana. Wanasema nini juu ya mwaka unaokuja?"

Kijitabu kilikuwa wazi mapajani mwangu, kwenye ukurasa wenyewe. Macho yangu yalishuka hadi ile aya. Mama Wambui alikuwa mbele yangu, ameinama kidogo, uso wake umejaa kunisikiliza, kama mtu anayesikiliza mtoto wake akisoma mbele ya kanisa. Nilifikiria kwamba nikiisoma aya ile, kila nilichomwambia tangu Septemba kitageuka upuuzi. Nilifikiria kwamba hawataniita daktari tena. Sitajipamba hapa: sikumfikiria Bwana Simiyu hata kidogo, wala ofisi, wala mshahara. Nilijifikiria mimi. Nikainua macho, nikasema wanatarajia mwaka wa kazi nyingi, nikafunga kijitabu. Mzee mmoja akasema basi, ni kama tulivyosema, hakuna mtu anayeuza Januari bana. Wakapiga kura kwa mikono. Mikono yote ilipanda kungoja, na ule wa Mama Wambui, mkubwa na wenye nyufa, ulipanda wa kwanza.

Kesho yake nilikuwa Bungoma. Mwalimu Wanyonyi, aliyenifundisha darasa la saba na kustaafu, alikuwa na kikundi chake cha walimu walionunua hisa zile zile kupitia ofisi yetu, na kila nilipokuja nyumbani alinialika baada ya kanisa. Sebule yake ilikuwa na viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na meza imejaa kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, mrenda na chupa tatu za chai. Walimu wale hawakuhitaji msomaji. Kila mmoja alikuja na nakala yake, amepiga mistari kwa kalamu nyekundu kama anasahihisha insha, na walifungua kitabu kutoka nyuma. Mwalimu Wanyonyi alisoma aya ya mwisho kwa sauti, sentensi zote tatu, akatua, akazisoma tena. Mwenzake mmoja akasema habari ndiyo hiyo, huko mbele kote ni mapambo ya harusi. Hapakuwa na ubishi mrefu. Walisema ukweli ambao mimi nilikuwa nimeujua tangu Ijumaa, kwamba kampuni inayozungumza na benki kuhusu madeni haitakuwa na la kumpa mwenye hisa, na kwamba hasara ya leo ni ndogo kuliko ya Machi. Kabla chai haijaisha, fomu za kuuza zilikuwa zimejazwa na kutiwa sahihi juu ya ile meza, katikati ya mifupa ya kuku, nami nikazipanga ndani ya mkoba wangu.

Nilipokuwa nikiaga, Mwalimu alinisindikiza hadi kwenye ua wa michongoma. Aliniuliza wazee wetu wa Kitale wameamua nini. Nikasema wanangoja. "Wanangoja nini sasa, Nasimiyu?" akauliza, kwa upole, kama alivyouliza darasani ukimpa jibu ambalo yeye anajua wewe mwenyewe huliamini. Nikajitia hamnazo, nikasifu kuku. Aliniangalia kidogo, akasema haya, msalimie Bwana Simiyu. Mwalimu alikuwa mtu ambaye ukimwambia kosa lako analibeba nawe hadi mwisho wa njia. Ningemwambia pale kwenye ua, najua angepanda gari nami hadi Kitale jioni ile ile. Nilibaki nikimwangalia akirudi ndani, viatu vyake vya kanisa vikikwepa matope, nikajiambia nitamwambia mwezi ujao.

Jumatatu nilikaa kwenye taipureta nikapiga maagizo ya walimu, moja baada ya jingine. Uza, uza, uza. Endebess ilikuwa mwendo wa saa moja hivi. Nilikuwa na Jumanne, na Jumatano, na wiki yote. Nimewahi kusikia watu wakisema hawajui ni lini hasa walipokosea, na huwa nawaonea wivu. Mimi kosa langu lilikuwa na siku zake, na kila siku niliamka nayo, nikaifunga tai ya shingoni ya ile blauzi yangu ya ofisi, nikaenda kazini. Siku ya tatu niliomba ruhusa kwa Bwana Simiyu nikisema nina maumivu ya tumbo. Nilitembea hadi mahali magari ya Endebess yanapopakia, nikasimama hapo na nauli mkononi. Nikajiambia labda wakurugenzi wamekosea. Nikajiambia labda benki itakubali. Utingo aliniuliza mara mbili kama naenda. Nikarudi nyumbani kwangu Kibomet, nikalala mchana, na tumbo likaniuma kweli.

Februari bei ilishuka, na safari hii haikuteremka taratibu. Dalali alisoma bei kwenye simu na nikamwomba arudie. Nilipoiandika ubaoni, fundi mmoja aliyekuja kununua bawaba aliniuliza kama nimesahau tarakimu moja. Kikundi kilikutana, githeri ikapoa, na watu wakarudia yale yale ya ghala na msimu, lakini sasa kwa sauti za watu wanaojituliza. Bwana Hardeep alisema kuuza kwa bei hiyo ni kumtupia mbwa. Mama Wambui alifunga sufuria yake kwa leso. Aliniuliza tu, wakati wa kuondoka, kama bado naona zitapanda, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema tungoje kidogo. Wiki mbili baadaye ilitangazwa kwamba benki zimekataa. Baada ya hapo hapakuwa na mnunuzi hata kwa bei ya kutupa. Vyeti vilibaki masandukuni, bila fukusi, bila panya, kama alivyosema.

Pasaka ilifika. Mama Wambui alipeleka Eldoret alichokuwa nacho, pesa za mavuno yote na za ng'ombe mmoja, akamwomba yule mzee ampe hadi Desemba. Mzee alisikitika, wanasema alisikitika kweli, lakini mnunuzi wa pili alikuwa ameketi sebuleni mle mle. Ekari tatu zikaenda. Kwa kuwa Mama Wambui alikuwa ameshalima na kununua mbegu, mwenye shamba mpya alimruhusu apande msimu huo na kuvuna, kisha ahame. Habari hizo niliambiwa na Bwana Hardeep akiwa anapima kamba, hakuinua uso, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Yeye pia alipoteza, lakini alikuwa na duka, na wale wengine walikuwa na mashamba yao ya urithi. Kikundi hakikuvunjwa na mtu yeyote. Jumamosi moja walikuja wanne, iliyofuata wawili, halafu mke wa Bwana Hardeep akaacha kukaanga bhajia.

Nilikaa na siri hiyo Aprili, Mei na Juni. Nilikonda. Kila bei niliyoiandika ubaoni niliiona ni ya uongo, hata zile za kweli. Mwishowe, Julai, niliacha kazi bila kupata nyingine, na kabla ya kurudi Bungoma nilitia kile kijitabu ndani ya mkoba nikaenda Endebess. Nilimkuta shambani. Mahindi yalikuwa yameshanipita kimo, yametoa mbelewele, na yeye alikuwa katikati ya mistari akichuma kunde, kikapu begani. Alifurahi kuniona. Alifurahi, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Aliniuliza habari za wazazi, akasema nimekonda, akauliza kama kule mjini hawanilishi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na sikutumia hata moja. Nikasema tu kwamba Jumamosi ile ya Januari kulikuwa na maneno chini ya ukurasa, na kwamba niliyaona, na kwamba sikuyasoma.

Hakushtuka. Alitua kikapu chini, akakung'uta mikono.

"Hiyo nilijua," akasema. "Si nilikuwa nimekukalia hapa mbele? Niliona macho yako imeenda mpaka chini, halafu ikarudi, ukafunga kitabu."

Nikamwuliza, kama aliona, mbona hakuniuliza.

"Nikuulize nini? Nilijua unanipepetea. Nikasema hiyo ameacha ni makapi. Huyu msichana amesoma, anajua ya kunipa na ya kutupa." Alisema hivyo bila hasira yoyote, kama mtu anayeeleza njia. Kisha akautazama mkoba wangu. "Uko nayo hapo? Basi nisomee."

Nikakitoa kijitabu. Nilimsomea aya ile nimesimama kati ya mahindi yake, kwa Kiswahili, neno kwa neno: kwamba mauzo yatashuka, kwamba hakutakuwa na mgao, kwamba wanazungumza na benki kuhusu madeni. Ya tatu nililazimika kuirudia. Alisikiliza hadi mwisho, kichwa amekiinamisha upande, vile vile alivyosikiliza stoo.

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, Mama."

"Inachukua dakika moja," akasema. "Ungenisomea hivyo, ningeuza."

Nilianza kulia, nikaomba msamaha, nikasema mengi ambayo siyakumbuki. Alinishika bega kwa ule mkono wake mkubwa, akanishika tu, hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Halafu akaokota kikapu, akainama, akaendelea kuchuma kunde kwenye mstari ule ule aliokuwa ameuanza, katika shamba ambalo lilikuwa lake hadi Novemba tu.